Bei ya Mukono wa Mwalimu

Siku Twizeyimana aliponiambia kama anauzisha sanduku ya baba yake, nilikuwa ninachambua maharagi mu lungo. Sikuinua kichwa. Muntu akikuletea neno zito, umwache alitue kwanza.

"Papa Omer wa Mushaki atakuja kuiona, mama. Siku ya soko, lakini si hii, ni ile inafuata."

"Atakupa ngapi?"

"Dola makumi nane."

Nikaokota kijiwe mu maharagi, nikakitupa kwa kuku. Sanduku yenyewe ilikuwa pale karibu na mulango, ya chuma, rangi yake ya kijani imebakia kwa pembe tu. Ndani mulikuwa kle, zile spana za kufungulia buloni na nati, pensi, nyundo mbili na turnevisi moja yenye mukono wa muti. Bwana yangu Mbonigaba aliinunua wakati tulikuwa bado bila watoto. Vita ilitukimbiza toka kwetu Bihambwe mara mbili, na mara zote mbili niliizika chini ya zizi ya mbuzi, kwani hata mwizi mwenye njaa hapendi kuchimba pale mbuzi anakojolea. Wengine walirudi wakakuta mabati imeenda na milango imeenda. Sisi pia yetu ilienda. Lakini tulichimbua sanduku, tukapangusa, na Mbonigaba akaanza kazi siku ile ile na harufu ya mbuzi kwa mikono. Kisha kufa kwake, mutoto wetu wa mwisho, huyu Twizeyimana, akaichukua.

Twizeyimana ni mwalimu wa watoto wa mwaka wa tano. Asubuhi iko mu darasa, kisha saa saba anavaa shati ya zamani na kuwa mekanisia. Pikipiki, grupu za kuwasha taa, tronsoneze za wapasua mbao, motere za mashini ya kusaga, vyote alitengeneza. Anasikiliza motere sawa vile padri anasikiliza muntu wa kuungama, macho chini, bila kumukata. Kisha anasema ugonjwa iko wapi, na hakosei mara nyingi.

Pale alikuwa anakosea ni kwa mwisho. Muntu akiuliza, "Mwalimu, ni ngapi?" yeye alipangusa mikono, akatazama kando na kusema, "Utatoa kile roho yako inakuambia."

Na roho za watu mu miaka ya vita zinasema maneno mafupi. Mumoja alitoa mayai ine. Mwingine alitoa kabichi. Wengi walisema, "Prime ya mutoto nilishalipa, Mwalimu, tusisumbuane." Prime njo ile makuta wazazi wanakusanya kila mwezi ili walimu wapate kula, kwani mushahara wa serikali unajua kupotea njia. Basi kila mwenye mutoto mu shule aliona kama amemununua mwalimu pamoja na sanduku yake.

Benita, muke wake, alikuwa amesema yake tangu zamani. "Bwana yangu anarudi na mafuta ya motere mu shati na kabichi mu mukono. Sabuni ya kufua shati inapita bei ya kabichi."

Sasa Twizeyimana akakaa kwa ngazi, akaniambia, "Nimechoka. Hii kazi inanikula, mama."

"Kazi haikukule. Mudomo yako njo inakukula."

Hakucheka. Nikaona kama amekata neno kweli. Nikafikiri Bihambwe bila ile sanduku: kila motere ikikufa, muntu ataibeba paka Mushaki, mu barabara ile ambayo siku zingine iko nzuri na siku zingine unasikia tu milio na kurudi mbio. Nikafikiri pia mutoto wangu na chaki yake tu.

"Omer atakuja kisha siku kumi na ine," nikamuambia. "Uniachie hizo siku. Mimi nitapiga bei ya kazi yako, na wewe utaifuata. Akija na roho yako bado inataka kuuzisha, uuzishe, sitasema kitu."

"Mama, wewe unajua nini ya bei ya motere?"

"Bei ninaijua. Motere nitaiangalia."

Nilisoma miaka tatu tu, lakini nimeuzisha kasiksi miaka makumi mbili, pombe ya ndizi yangu mwenyewe, na hakuna mulevi alininyima hata nusu ya kikombe. Siri haikuwa ukali. Siri ni kwamba kila muntu alijua bei mbele ya kukaa.

Kesho yake nikabeba lungo yangu, nikakaa karibu naye akifungua pikipiki ya mukatoliki mumoja, muuza chumvi. Alipogusa buloni ya kwanza, nikaweka chungu ya maharagi kwa moto. Maharagi ya kwetu kule juu, na baridi ile, na kuni zenye mvua, inaiva kwa wakati muntu analima tangu asubuhi paka jua kuwa kati. Alipofunga buloni ya mwisho, nikabonyeza haragi moja kwa vidole, ikapasuka vizuri.

"Umemaliza jembe moja," nikamuambia.

"Namna gani jembe?"

Nikamweleza. Kwetu, muntu asiye na shamba anaenda kupagasa, kulima kwa wengine. Bei ya jembe, tangu asubuhi paka jua kati, ni franka elfu moja na mia tano, na hakuna anayeuliza. Muhunde analipa hiyo, Muhutu analipa hiyo, Mututsi na Munande wanalipa hiyo. Hata mwenye ngombe mia hawezi kusema mia tano ipungue. Basi mwenye kushika kle wakati wa chungu moja ya maharagi hawezi kupata chini ya mwenye kushika jembe.

Twizeyimana akahesabu kwa vidole. Akauliza, "Na kazi ya kidogo? Jana nilisafisha buji, ile plagi ya kuwashia motere, ilikuwa wakati wa kula kiazi kimoja."

"Baba yako alikufundisha miaka ngapi, ili iwe wakati wa kiazi kimoja?"

"Minane."

"Basi kufungua sanduku ni nusu jembe, hata kama unafungua na kufunga papo hapo. Hiyo nusu ni ya miaka minane. Kisha saa za kazi juu yake. Na kipande ukinunua kule Sake, bei ya duka na tike ya gari, bila kuongeza, bila kupunguza. Na kile kipande kimekufa unamurudishia mwenyewe, umekifunga mu jani ya mugomba, aone kama haukumudanganya."

"Na watu wa kwetu?"

Hapo njo ilikuwa kazi yenyewe. Siku mbili zilizopita nilikuwa kwa mashini ya kusaga, nikasikia mwanamuke mumoja anamuambia mwenzake, bila kuniona, kwamba Mwalimu anatengenezea watu wa luga yake bule na wengine anawakula. Haikuwa uongo yote. Mandugu walikuwa wanajichukulia, na wageni walikuwa wanatoa kwa haya. Lakini mu miaka hii neno kama lile halitembei peke yake, linatembea na kiberiti mu mufuko. Nyumba zimechomeka kwa neno dogo kuliko lile.

"Watu wa kwetu ni bei ile ile," nikasema. "Na mimi nikileta motere, ni bei ile ile."

"Wewe hauna motere, mama."

"Ndiyo maana ninaongea kwa nguvu."

Benita akaandika bei kwa kipande cha karto ya sabuni, kwa makaa. Twizeyimana akaiangalia siku nzima ikiwa imetundikwa kwa ukuta, mistari imelala sawa vile walevi, na jioni akashindwa kuvumilia. Akaleta rula ya shule na biki ya bulu, akaandika upya kwa mwandiko wa ubao. Nikajua kama nusu ya mulima imelimwa.

Wa kwanza kusoma karto alikuwa Papa Hakorimana, mukubwa wa komite ya wazazi, na tena mutoto wa shangazi ya Mbonigaba. Alileta pikipiki yake ikikohoa. Akasoma akisimama, mikono mu mufuko.

"Hii ni ya wageni," akasema.

"Ni ya pikipiki," nikajibu.

"Mama, sisi tunalipa prime."

"Prime inalipa chaki. Chaki haifungue buloni."

"Na uzee huu, umekuwa serikali ya kupanga bei?"

"Serikali tuliingojea sana, Papa Hakorimana. Ikichelewa, mabibi wanaanza."

Twizeyimana alikuwa ameinamisha kichwa. Hakorimana akamuangalia yeye, si mimi. "Mwalimu, ni kweli unakubali mama yako akuuzishe?" Mutoto wangu akafungua sanduku, akaifunga tena. Basi Hakorimana akasukuma pikipiki paka barabarani, akaipandisha mu kamio ya makabichi, akaenda nayo Mushaki.

Neno likatembea. Siku ine, hakuna aliyekuja. Kuku zikalala juu ya sanduku. Benita akauliza kwa sauti ya upole kama kabichi nazo zimekufa mu Masisi yote. Twizeyimana hakunilaumu, lakini alikuwa anapangusa zile kle moja moja, sawa vile unaosha mutoto atakayesafiri. Mimi nikaendelea kuchambua maharagi. Kasiksi nayo ina siku zake mu shimo. Ukifunua mbele ya siku, utakunywa maji ya ndizi.

Siku ya tano akaja Mama Euphrasie. Alikuwa mujane wa kule Walikale, Buleusa, yeye na mandugu zake walikimbia vita na sasa walikaa mu nyumba za majani nyuma ya kanisa. Alikuja na vijana wawili wakibeba motere ya mashini ya kusaga kwa muti mabegani. Vile vile njo waliitoa Buleusa, siku tatu mu pori. Vyungu waliviacha, na magodoro vilevile. Motere hapana.

Twizeyimana akaisikiliza, akaizungusha kwa mukono, akasema segma, zile pete za pistoni, zimelika, na joenti, ile ya kuziba, imepasuka. Euphrasie akauliza ni ngapi. Nikaona mudomo ya mutoto wangu inaanza, "Mama, utatoa kile..." Nikakohoa.

Mutoto wangu akalimeza lile neno. Akasema, "Ni jembe mbili na nusu, mama. Na vipande vya Sake."

Ilikuwa mara ya kwanza nilisikia bei ikitoka kwa kinywa chake. Ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Euphrasie akatazama chini. "Vipande ninaweza. Mandugu wanachanga. Ile ingine sina."

"Bei ni hiyo," nikasema, "haipungue. Namna ya kulipa, hiyo tunaweza kuongea. Una jembe?"

Akanitazama vizuri. "Jembe sikuacha."

Akaja asubuhi mbili na nusu mu shamba yetu ya maharagi. Alilima mistari ya kunyooka, bila kusimama kuomba maji, na siku ya tatu jua ilipofika kipimo chake akang'uta jembe na kuliweka begani. Twizeyimana akamupa zile segma za zamani mu jani. Nimeona watu wengi wakipewa musaada mu vita hii, na ninajua macho yao. Macho yake hayakuwa vile. Alipita mbele yetu kama muntu aliyelipa. Kisha akasimama kwa njia na kusema, "Mwalimu, nitawaambia wengine kama kwako muntu anajua anaingia wapi."

Aliwaambia. Kesho yake kulikuwa pikipiki mbili na tronsoneze moja. Wapasua mbao walikuwa Wahunde, wakasoma karto, mumoja akauliza, "Na wa kwenu wanalipa hii?" Twizeyimana akamujibu, "Mama yangu mwenyewe ananiogopa." Wakacheka, wakalipa. Wenye bunduki nao walikuja mara moja na pikipiki yenye sheni iliyokatika. Kwao hatukuonyesha karto. Kwao bei ni waondoke, na siku ile walilipa mbio.

Siku mbili mbele ya soko, Hakorimana akarudi. Pikipiki ilikuwa imetengenezwa huko kwa bei ya jembe sita, na ilikufa mbele ya kufika nyumbani. Twizeyimana akasafisha kaburateri, akabadilisha buji, akamupa ile mbovu mu jani. Hakorimana akaifungua, akaigeuza geuza.

"Kule hawakunirudishia kitu," akasema.

"Kule walikuwa wa kwenu?" nikamuuliza.

"Nyamaza, mama." Lakini alilipa yote, na akahesabu mara mbili asikosee.

Basi siku ya soko ikafika, na Papa Omer akafika nayo. Ni mufanyabiashara wa Butembo mwenye duka Mushaki, muntu munene, mupole, mwenye kusali misa ya kwanza kila Jumapili na kusahau kitu chochote isipokuwa bei. Alikuja na pikapu yake. Akasalimia nyumba yote, akakaa, akatoa bahasha ya dola, akaiweka juu ya goti. Ndani ya nyumba, Benita akaacha kuosha sahani.

Twizeyimana alikuwa hajaniambia kitu. Na mimi nilikuwa nimeahidi.

Omer akafungua sanduku, akapima kle moja kwa mukono. "Sawa. Mbele ya kumaliza, Mwalimu, kuna grupu yangu pale mu pikapu. Inazunguka vizuri, lakini nikiweka friji inazimika. Uniangalilie kidogo. Si tuko kwa biashara moja?"

Wakaishusha. Mimi nikaweka chungu kwa moto. Twizeyimana akaiwasha, akainama, akafunga macho yake. Kisha akafungua kaburateri, akatoa kale kashaba kadogo kenye tundu ambako esansi, ile petroli, inapita, akakainua kwa jua. Hakukuonekana mwanga. Akakasafisha na uzi wa waya, akapuliza, akarudisha, akabadilisha pia ile sponji ya kuchuja hewa iliyooza, akakata ingine kwa godoro letu la zamani. Omer akaunganisha taa kubwa mbili na pasi ya umeme aliyokuja nayo. Grupu ikashuka sauti, ikajikaza, ikaendelea.

Nikagusa haragi. Bado gumu, ilikuwa ya wakati wa jembe nusu tu, labda zaidi kidogo.

"Aksanti sana," Omer akasema. Akaweka mukono mu mufuko na kutabasamu. "Na roho yangu inaniambia..."

Alijua desturi ya mutoto wangu. Wote waliijua, paka Butembo. Nilikuwa na haragi bichi mu kinywa, nikaliuma ili nisiongee.

Twizeyimana akapangusa mikono. Alipangusa wakati murefu. Kisha akamutazama Omer kwa uso, si kando. "Nusu jembe ya kufungua, nusu jembe ya kazi. Franka elfu moja na mia tano, Papa Omer. Sponji ni ya godoro letu, hiyo sihesabu." Akamupa ile iliyooza mu jani ya mugomba.

"Elfu moja," Omer akasema.

"Jembe halina bei mbili."

"Ninakuja kununua sanduku yako kwa dola makumi nane, na unanikatalia mia tano?"

"Ungekuwa unakuja kuninunulia mulima, ingekuwa bei ile ile."

Omer akacheka paka tumbo ikatikisika. Akalipa. Kisha akainuka, akaenda kwa karto, akaisoma yote na kidole chake kikifuata mistari. Akanigeukia.

"Ni wewe uliipiga, mama?"

"Ni mimi."

"Ni nzuri. Lakini imepungukiwa."

Nikasimama. Ndani yangu nilijisikia sawa vile muntu anapimiwa kasiksi yake mbele ya watu. "Imepungukiwa wapi?"

"Muntu wa kupagasa anakuja na jembe ya nani?"

"Yake."

"Na jembe inabakia vile vile siku zote?"

Macho yangu yakaenda peke yake kwa ukuta, pale jembe yangu ilisimama. Nililinunua pana sawa vile sahani. Sasa udongo wa Bihambwe umelikula, limebakia sawa vile kijiko cha kupakulia mboga. Miaka yote hiyo nimelima kwa wengine, nimepokea elfu moja na mia tano, na kisha nikatoa mu mufuko wangu kununua jembe lingine, bila kujiuliza nani alikula lile la kwanza.

"Hii kle ya namba kumi na tatu imeisha meno," Omer akaendelea, akiinua ile kle. "Mwaka moja, miaka mbili, sanduku yote itakuwa vyuma vya kuuzisha kwa kilo. Nani anailipa? Mimi niliona hiyo tangu mwanzo. Ndiyo maana nilitaka kumuweka muntu wangu Mushaki na hii sanduku, na bei yangu."

Nikacheka mwenyewe. Ni vizuri kukosolewa na muntu aliyepoteza mia tano mbele yako.

"Basi," Omer akasema, akipiga bahasha kwa goti. "Sanduku?"

Twizeyimana akachukua kle ya kumi na tatu kwa mukono wake, akairudisha fasi yake, akafunga mufuniko. Kisha akakaa juu.

"Grupu zako zote ulete hapa, Papa Omer. Sanduku iko kwa kazi."

Omer akarudisha bahasha mu koti bila hasira. "Nilijua tangu uliponitazama kwa uso. Kamio yangu inatoka Butembo wiki inayokuja. Nikuletee kle ya kumi na tatu?"

"Kwa ngapi?" tukauliza pamoja, mimi na mutoto wangu.

Alipoenda, Twizeyimana akachukua rula na biki. Akapiga mustari chini ya mingine, akaandika: *Sanduku, kila kazi: franka mia mbili.* Benita akatoka ndani na mikono yenye povu, akasoma, hakuondoka.

"Na sabuni?" akauliza.

Twizeyimana akaangalia shati yake. Kisha akafuta mia mbili, akaandika mia tatu.

Nikaongeza kuni. Maharagi yalikuwa bado yanataka wakati wake.